Mtoto Akichora, Mkubwa Ana Deni



Siku hizi katika shule nyingi za nchi yetu, na katika Shule ya Jumapili pia, imekuwa desturi kuwapa watoto karatasi na kuwaambia, "Choreni habari za mazingira," au, "Choreni mambo yanayowasumbua watu wa kijiji chenu." Picha zikiisha hutundikwa ukutani, wageni huja kuzitazama, na mara nyingine hutolewa zawadi. Jambo hili si baya. Lakini kila jambo jema lina swali lake, na swali la jambo hili ni hili: Je, yafaa mtu mzima amwombe mtoto aonyeshe taabu za dunia kwa mkono wake? Na kama yafaa, yeye aombaye ajitwika wajibu gani?

Na tulifikiri swali hili polepole, maana kati yenu wako walimu na wainjilisti ambao Jumapili ijayo watasimama mbele ya watoto, na wako wazazi ambao watoto wao watarudi nyumbani na karatasi mkononi.

Wazee wengine husema, "Mtoto ni mtoto, mwacheni acheze. Mto ukikauka ni kazi ya wakubwa kuufikiri. Kwa nini tumtwike mtoto mzigo usio wake?" Neno hili lina huruma ndani yake, wala halifai kudharauliwa. Wengine husema, "Penye wazee haliharibiki neno. Mtoto akianza kuonyesha makosa ya wakubwa, adabu itakwisha." Neno hili nalo lina sababu yake.

Lakini tuyatazame mambo yalivyo. Mzigo ule tunaoogopa kumtwika mtoto, yeye anao tayari kichwani. Kisima cha karibu kikikauka, ni nani aendaye kwenye kisima cha mbali kabla ya kengele ya shule? Kuni zikiwa adimu, ni nani apandaye kilima kuzitafuta? Baba na mama wakifa, ni nani awatazamaye wadogo zake? Katika mkoa wetu wa Iringa, ambao Ukimwi umeupiga kuliko mikoa mingi, wako watoto waliojua kuzika kabla hawajajua kusoma. Wako wasichana walioacha shule wakaenda Dar es Salaam kufanya kazi katika nyumba za watu. Watoto wa namna hii hawana haja ya kufundishwa kwamba dunia ina taabu. Wanachokosa ni njia ya kuieleza. Mtoto haitwi barazani, na hata akiitwa hana maneno ya baraza. Mkono wake waweza kusema lile ambalo kinywa chake hakijalipatia maneno.

Tena tusidhani kwamba njia hii ni ngeni kwetu. Karibu na mji wa Iringa, mahali paitwapo Igeleke, pana mwamba ambao watu wa kale waliuchora kwa rangi nyekundu, na michoro yao ingaliko. Hawakutuachia hata neno moja la lugha yao, lakini kwa michoro ile twajua kwamba walitazama, wakataka wengine watazame pamoja nao. Hata leo wanawake wa Kihehe husuka vikapu vizuri vya milulu, vikapu ambavyo vimejulikana mpaka nchi za mbali. Na milulu ni majani ya penye majimaji. Bonde likikaushwa lote, milulu hakuna, na kikapu hakuna. Mtoto afundishwaye kusuka, akiulizwa tu, "Majani haya yatoka wapi, na mwaka ujao yatakuwapo?" ameingia katika somo la mazingira bila kuhubiriwa na mtu.

Basi, tukikubali kwamba yafaa mtoto aulizwe, tutazame namna ya kumwuliza, maana hapo ndipo wengi hupotea.

Mwalimu mmoja huchora ubaoni mti, jua, na mtu mwenye shoka. Chini yake huandika, "Tusikate miti hovyo." Watoto 60 huinama na kuiga. Mwisho wa saa kuna picha 60 zilizo sawasawa, na mwalimu hufurahi. Lakini ni nani aliyesema katika picha hizo? Hakuna mtoto hata mmoja. Mwalimu amesema neno lake mwenyewe mara 60. Tena neno lile huenda si kweli kwa mtoto aliyeliiga. Katika wilaya ya Mufindi iko misitu mikubwa ya Sao Hill, miti ya paini na mikaratusi iliyopandwa ili ivunwe. Mtoto wa huko amjua mtu mwenye shoka: ni baba yake, aondokaye alfajiri kwenda kazini, na kwa mshahara wake daftari hili limenunuliwa. Akilazimishwa kumchora mkata miti kama adui, amefundishwa ama kumdharau baba yake, ama kusema maneno asiyoyaamini ili apate alama nzuri. Hakuna moja katika hayo lililo malezi mema.

Mchoraji Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu katika Kilimanjaro mwaka 1932, alilipigania jambo hili sana. Yeye alifundisha kwamba kuiga tu ni kama kumlaza Mungu usingizi, kwa kuwa aigaye huacha kuumba. Mwaka 1959 alichora picha kubwa za maisha ya Yesu katika kanisa la Murang'a, Kenya, kanisa lililojengwa ili kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Hakuziiga picha za Ulaya. Aliyaweka mambo yale katika vilima vya nchi ile na kati ya watu wa nchi ile, hata waliofiwa waliweza kutazama ukutani na kuona kwamba habari ile yawahusu. Basi, kama mchoraji mkubwa alihitaji uhuru huo ili aseme kweli, mtoto auhitaji zaidi.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu, usimwambie mtoto, "Chora mazingira." Neno hilo ni kubwa mno, halina sura. Mwambie, "Chora njia uipitayo kwenda kuteka maji, toka mlangoni kwenu hata kisimani, na kila kitu kilichoko njiani." Hapo utaona mambo ambayo hukuyajua: kilima mahali ulipodhani ni tambarare, mbwa wa jirani aliye mkubwa kuliko nyumba, mikaratusi iliyosimama juu ya chemchemi, na foleni ya ndoo. Mtoto hukuza kile kimwogopeshacho na kile akipendacho. Usimsahihishe kwa kusema kwamba mbwa hawezi kuwa mkubwa kuliko nyumba. Kwake yeye ni mkubwa.

Au mwambie, "Chora watu wa nyumbani kwenu wakati wa kula, kila mtu na chakula chake." Swali hili ni dogo, lakini katika mkoa wetu lina uzito. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika watoto 100 wa Iringa walio chini ya umri wa miaka 5, karibu 57 wamedumaa, na wastani wa Tanzania nzima ni 30. Huu ndio mkoa wenye mahindi, maharage na viazi, mkoa uuzao chakula kwa wengine. Basi njaa ya hapa mara nyingi si njaa ya ghala tupu. Ni mtoto aliyeshiba ugali mtupu, na mama aliyeshinda shambani toka asubuhi hata jioni, na yai lililouzwa gulioni. Hesabu ile ya 57 yatuonyesha mkoa, bali picha ya mtoto yatuonyesha meza moja: nani amekaa wapi, nani ana mboga, nani hayupo. Mkubwa aitazamaye vema aweza kujifunza jambo ambalo hesabu haikumwambia.

Wala msiseme kwamba hamna rangi wala karatasi. Mkaa upo, majivu yapo, udongo mwekundu upo kila mahali, na mfinyanzi upo mabondeni. Mjini Iringa iko karakana ya Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Huko watu wenye ulemavu, na viziwi kati yao, walijifunza kutengeneza karatasi kwa mavi ya tembo. Kitu ambacho wengine hukiruka njiani kimekuwa karatasi nzuri ya kuandikia, na watu ambao wengi walidhani hawana la kusema wameonekana kuwa mafundi. Hatusemi kila usharika ufanye hivyo. Twasema tu kwamba uhaba wa vifaa si sababu ya kumnyamazisha mtoto.

Sasa tuendelee mbele kidogo. Tuseme watoto wamechora kweli, kila mmoja neno lake. Mara utaona kwamba kweli ya mmoja haipatani na kweli ya mwingine. Mto Ruaha Mkuu hushuka kutoka milima ya nyanda za juu, hupita katika mbuga za Usangu, kisha katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hata bwawa la Mtera na lile la Kidatu, ambako maji huzalisha umeme. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikatika katika hifadhi karibu kila kiangazi. Mtoto wa Mbarali akiambiwa auchore mto, atachora jaruba la mpunga lililojaa maji, na baba yake amesimama ndani akitabasamu. Mtoto wa upande wa chini atachora mchanga, na viboko waliosongamana katika dimbwi moja. Mtoto wa mfugaji, ambaye wazazi wake walikuwa kati ya wale walioondolewa Usangu na mifugo yao mwaka 2006, angechora ng'ombe na barabara ndefu. Mtoto wa mjini atachora taa iliyozimika.

Ni nani katika hao aliyesema uongo? Hakuna. Ni mto ule ule mmoja. Basi mwalimu mwenye hekima hachagui picha moja na kuipa zawadi kana kwamba nyingine ni makosa. Huzitundika zote nne bega kwa bega, akawauliza watoto, "Huyu akichota, yule anapata nini?" Mtoto aliyeona picha ya mwenzake karibu na yake amejifunza jambo ambalo wakubwa wengi hawajajifunza barazani: kwamba jirani yake naye ana kiu, na kiu yake ni ya kweli.

Lakini sehemu iliyo ngumu kuliko zote ingali mbele. Itakuwaje mtoto akichora aibu yetu? Msimu wa mvua ukifika, mianzi hugemwa na ulanzi huwa tele. Mtoto mmoja anachora mtu aliyelala kando ya njia, naye amevaa koti la baba yake. Mwingine anachora tanuri la mkaa nyuma ya nyumba ya mzee wa kanisa. Mwingine anachora chemchemi iliyokauka, na mikaratusi iliyopandwa karibu nayo ni ya usharika wenyewe. Mwalimu atafanya nini? Aweza kuichana picha. Aweza kumchapa mtoto kwa utovu wa adabu. Au aweza kuitundika mbele ya watu wote. Njia zote tatu ni mbaya. Ya kwanza na ya pili humfundisha mtoto kwamba tulipomwomba aseme kweli tulikuwa twacheza. Ya tatu humtoa mtoto na nyumba yake wachekwe na kijiji kizima.

Hapa yatupasa kupambanua. Mikaratusi iliyo juu ya chemchemi si siri ya mtu, ni neno la wote. Picha yake ipelekwe mbele ya wazee, tena kwa heshima, wala asitajwe mtoto aliyeichora kama hataki. Bali picha ya baba aliyelala njiani ni siri ya nyumba. Mwalimu aitunze kama atunzavyo neno aliloambiwa faraghani, kisha aende kuitembelea nyumba ile kwa upole. Na kama picha yaonyesha kwamba mtoto anaumizwa, hapo kunyamaza ni dhambi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa mtoto haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa, nayo yawataka watu wa jamii waarifu serikali yao ya mahali wanapojua kwamba haki za mtoto zinavunjwa. Afisa ustawi wa jamii yupo kwa kazi hiyo.

Mambo haya ni mazito kwa sababu picha ya mtoto ni ushahidi. Mwaka 2007 watu wa shirika moja la Uingereza, liitwalo Waging Peace, walikwenda katika kambi za wakimbizi wa Darfur nchini Chad. Walikuwa wakiwahoji akina mama. Nao wakaambiwa kwamba yafaa wawaulize watoto pia, kwa kuwa wao nao waliona. Watoto wakapewa karatasi na kalamu, wakaombwa wachore jambo wanalolikumbuka kuliko yote. Wakachora nyumba zinazowaka moto, ndege angani, na watu wenye bunduki. Picha 500 zilipelekwa kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, nayo ikazipokea zisaidie kueleza jinsi mambo yalivyokuwa. Tazameni basi: mahakimu wenye majoho walikubali kwamba mkono wa mtoto waweza kusema kweli. Na kila ajuaye mambo ya baraza ajua kwamba amwitaye shahidi amejifunga kwa mambo mawili: kumlinda, na kulipima neno lake. Kumwita shahidi, kumsikia, kisha kwenda kula chakula kana kwamba hakusema kitu, ni kumdhulumu.

Hilo ndilo deni ninalolisema. Yeye amwambiaye mtoto, "Chora taabu yako," amekopa kitu. Amekopa imani ya mtoto. Asipolipa, mtoto hatakopesha tena. Atakuwa kijana ajuaye kuwapa wakubwa picha waitakayo, akizificha zile za kweli moyoni mwake.

Liko deni jingine ambalo halitajwi sana. Picha za watoto hupendwa na wageni. Hutiwa katika kalenda na katika barua za kuomba fedha, na yajulikana kwamba picha ya mtoto mwenye njaa huleta fedha nyingi kuliko picha ya mtoto achezaye. Hapo liko jaribu. Mwalimu aweza kuanza kuwasukuma watoto wachore machozi, kwa kuwa machozi yana bei. Picha ni mali ya aliyeichora. Isichukuliwe bila kumwomba yeye na wazazi wake, na akisema hapana, iwe hapana. Na siku nyingine mwambieni mtoto achore furaha yake, maana mtoto si kilio tu.

Basi deni hili hulipwaje? Hatuwezi kuurudisha mto Ruaha kwa sababu mtoto ameuchora. Lakini mtoto hatudai muujiza, atudai jibu. Wazee wa usharika na wazazi waketi siku moja wazitazame picha zote, wachague neno moja walio na nguvu nalo, kisha wawarudie watoto na kusema wazi: "Tumeona. Hili tutalifanya. Lile hatuwezi, na sababu ni hii." Ikiwa ni mikaratusi ya chemchemini, ing'olewe, na mivengi ipandwe mahali pake, na watoto waliochora wawe kati ya wapandao. Marehemu Jane Goodall, aliyefariki mwaka 2025, alipokusanyika na wanafunzi 12 nyumbani kwake Dar es Salaam mwaka 1991, wakianzisha kundi liitwalo Roots & Shoots, hawakuishia katika kusikitika. Desturi ya makundi hayo, ambayo yameenea katika nchi nyingi, ni kwamba vijana huchagua wenyewe kazi ya kufanya kwa faida ya watu, ya wanyama na ya mazingira. Neno likifuatwa na kazi, hata kazi ndogo, mtoto hajifunzi kukata tamaa.

Na wale wazee waliohofia adabu, tuwajibu hivi. Adabu si kunyamaza. Adabu ni kusema kweli kwa namna isiyomvunjia mtu heshima, na picha ni njia nzuri ya kufanya hivyo, maana haipigi kelele wala haimkatizi mzee maneno. Hukaa kimya mpaka mtu aitazame. Mtoto asikilizwaye hivyo hamdharau mzee wake, humheshimu zaidi, kwa kuwa amemwona akisikia neno zito bila kukasirika.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla hujampa mtoto karatasi na kumwambia, "Chora," jiulize maswali matatu. Je, niko tayari kuona nisilolitazamia? Je, niko tayari kumlinda aliyelionyesha? Je, niko tayari kumrudishia jibu? Kama huko tayari, mpe achore ua au ndege, wala hutakuwa umemkosea. Lakini kama uko tayari, mpe karatasi, ukae karibu naye, unyamaze. Asikiaye vema ndiye aliyeanza kulipa.